Mbao za Mufindi, Bei ya Nairobi

Barabara inayotoka Mafinga hadi Nairobi kwa kupitia Iringa, Mtera, Dodoma, Babati, Arusha na Namanga ina urefu wa takriban kilomita elfu moja. Anayeisafiri huku akitazama migongo ya malori hachelewi kugundua kwamba biashara ya mbao haikumsubiri mtu yeyote aje kuiunganisha. Paini iliyopasuliwa Mufindi na Njombe inapanda kaskazini chini ya maturubai, inavuka mpaka, na kuishia kwenye kenchi za nyumba na meza za mafundi wa Kenya. Upande wa magharibi, mvule na libuyu kutoka misitu ya Ituri na Kivu Kaskazini huko Kongo hupitia Uganda. Nyingine hubaki Ndeeba, kitovu cha mbao cha Kampala, nyingine huendelea hadi Gikomba, Nairobi. Soko ni moja tayari. Kisichokuwa kimoja ni kipimo cha ubao, daraja lake, na karatasi inayousindikiza. Hoja yangu ni kwamba ushirikiano wa kikanda tunaousikia kila mwaka mikutanoni hautamfaa mtu mpaka wafanyabiashara wenyewe wakubaliane juu ya hivyo vitatu. Serikali zimeshatia saini zake. Wenye mashine na wenye miti ndio bado hawajakaa meza moja.

Mufindi ndiko jambo hili linakoonekana vizuri zaidi. Nyanda hizi zenye ukungu ni makao ya shamba la Sao Hill, ambalo upandaji wake wa majaribio ulianza mwaka 1939 na ambalo leo eneo lake lote linazidi hekta 135,000, ingawa sehemu iliyopandwa miti ni ndogo kuliko hapo. Ni shamba la serikali, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Lakini msafiri asidhani mistari ile iliyonyooka ndiyo habari yote. Sehemu kubwa ya miti ya kupandwa ya Nyanda za Juu Kusini sasa iko mikononi mwa wananchi, ekari mbili hapa, ekari kumi kule, watu waliopanda paini na mikaratusi kama akiba ya ada za watoto na mabati ya nyumba. Hawa huuza miti ikiwa imesimama. Mnunuzi anatembea shambani, anakadiria kwa macho, wanapatana bei ya shamba zima, kisha inaletwa dingdong. Dingdong ni mashine ya kupasulia inayohamishika: msumeno wa duara kwenye fremu nyepesi, injini, na vijana wachache wa kusukuma gogo. Inapasua hapo hapo shambani, na kazi ikiisha inahamia kwa jirani. Ni ya bei nafuu, imewapa wengi kazi, na siungani na wanaoibeza. Kasoro yake inaonekana ukichuchumaa kwenye ncha ya rundo na kutazama kwa usawa. Mbao zinazoitwa mbili kwa nne hazilingani. Mmoja umezidi robo inchi, wa pili umepungua, wa tatu ni mnene kichwani na mwembamba mguuni. Msumeno wenyewe ni mnene, kwa hiyo kila mkato unageuza sehemu nzuri ya gogo kuwa maranda. Mbao zinapangwa mbichi, utomvu bado unanata, mara nyingi bila vijiti vya kutenganisha safu ili hewa ipite, na baada ya siku chache madoa ya bluu yanaanza kutambaa.

Kila anayeshika ubao huo baadaye analipia kasoro hiyo, au tuseme anahakikisha haimwangukii yeye. Fundi wa Nairobi, akijua ataurejesha mashineni, aurande upya na kutupa sehemu yake, anapunguza bei kabla hajaulizwa. Dalali anapunguza ya kwake, mwenye lori hapunguzi chochote, na wa mwisho kwenye mnyororo ni mkulima aliyekadiriwa kwa macho. Linalofuata ni baya zaidi. Kwa kuwa soko halitofautishi ubao uliokomaa na ubao mchanga, hakuna anayelipwa kwa kusubiri. Mti wa paini unaohitaji karibu miaka 20 au zaidi ili utoe mbao ngumu zisizopinda hukatwa ukiwa na miaka 10 au chini ya hapo. Huwa tunasema wakulima wana haraka ya fedha, na ni kweli wanayo, lakini hata asiye na haraka hana sababu ya kuvumilia kama bei ya mti wa miaka 20 inahesabiwa kwa unene wake tu na si kwa ubora wa mbao zilizomo. Daraja la ubora ndilo lingempa sababu hiyo.

Halafu kuna maji. Paini mbichi hubeba maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori zito pamoja na mzigo, na mizani haiulizi kama kilichozidisha uzito ni mbao au maji. Lori la mbao mbichi linalofika kikomo linasafirisha tani nyingi za maji ya Mufindi kwenda kuyakaushia Nairobi, kwa dizeli ya kununuliwa. Tanuri la kukaushia lingeleta faida kabla hata ya kuuza samani moja, lakini mwenye dingdong hawezi kulijenga peke yake, na mnunuzi wa Kenya hana hakika kwamba mbao anazoambiwa zimekauka zimekauka kweli, maana hakuna alama ya pamoja anayoiamini. Hapa ndipo ninapoona ushirikiano wa makampuni ukiwa na sura ya kweli: mnunuzi wa kaskazini na wapasuaji wa kusini kuchangia tanuri moja Mafinga, kwa makubaliano ya kiwango cha ukavu kinachopimwa kwa kifaa kidogo cha mkononi, pande zote mbili zikiwepo. Jambo hilo halihitaji mkutano wa marais.

Karatasi nazo ni safari ndani ya safari. Shehena halali hutembea na hati ya usafirishaji ya TFS na risiti za malipo, na magogo ya msitu wa asili yanapaswa kuwa na alama ya nyundo. Ikienda nje inaongezewa kibali cha kuuza nje, cheti cha afya ya mimea, na cheti cha uasilia ili isitozwe ushuru wa forodha ndani ya Jumuiya. Namanga ina kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa rasmi Desemba 2018 na Rais John Magufuli na Rais Uhuru Kenyatta, na kuwaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja kumepunguza foleni. Ila paa moja si daftari moja. Shehena inahesabiwa Tanzania kwa utaratibu wa Tanzania, inahesabiwa tena Kenya kwa utaratibu wa Kenya, na hesabu hizo mbili hazikutanishwi kama kawaida ya kazi.

Tofauti hiyo imewahi kupimwa. Baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 kuvuka mto Rufiji, misitu ya Kilwa, Lindi na Nachingwea ilifikika ghafla, na magogo ya mninga na mkongo yakaanza kumiminika kwenda Dar es Salaam na nje. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba takwimu za China za mazao ya misitu yaliyoingia kutoka Tanzania zilikuwa kubwa mara kumi kuliko takwimu za Tanzania za yaliyotoka kwenda China. Wizi wa kiasi hicho haukufichuliwa na mlinzi msituni. Ulifichuliwa na mtu aliyeweka madaftari mawili pamoja. Mkurungu nao umepita njia kama hiyo: mti huohuo ambao Zambia wanauita mukula ulisombwa kusini mwa Kongo na Zambia, sehemu yake ikipitia Tanzania kuelekea bandarini. Wanaosema kurahisisha biashara ya mbao kuvuka mipaka ni kuwafungulia wezi mlango wanasahau kwamba wezi hawajawahi kukosa mlango. Anayekwama kwenye karatasi zisizosomana ni mwenye mbao halali. Mwenye mbao za wizi ananunua karatasi, au anatangaza kwamba mvule alioukata kwingine umetoka Kongo, na hakuna wa Kongo wa kuulizwa kwa wakati.

Serikali zililijua hili. Septemba 2015, katika Kongamano la Misitu Duniani huko Durban, Kenya, Uganda, Tanzania, Msumbiji na Madagascar zilitia saini Azimio la Zanzibar dhidi ya biashara haramu ya mbao na mazao mengine ya misitu. Ni azimio zuri kulisoma. Upungufu wake, kwa maoni yangu, ni kwamba limewatazama wafanyabiashara kama watu wa kudhibitiwa, si kama watu wenye madaftari. Mwenye bohari Gikomba anajua shehena ipi imetoka wapi. Mwenye mashine Mafinga anajua kauza meta za ujazo ngapi kwa nani. Vyama vyao vikikubaliana kubadilishana hesabu za jumla kila baada ya miezi mitatu, bila kutaja siri za mteja, pengo kati ya kilichotoka na kilichoingia litaonekana na kila mtu, na litaonekana mapema. Sasa kuna sababu nyingine ya kuharakisha. Novemba 2022, mkutano wa nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, huko Panama ulikubali kuingiza kwenye Kiambatisho cha Pili spishi za Afrika za jamii za Afzelia, Khaya na Pterocarpus, yaani mkongo, mkangazi na mninga pamoja na ndugu zao. Maana yake ni kwamba hata mbao za mninga zinazovuka Namanga tu zinahitaji kibali kinachothibitisha kwamba biashara hiyo haihatarishi mti wenyewe. Nchi moja haiwezi kuthibitisha hivyo kwa hesabu zake peke yake, ikiwa mti unaota pande zote mbili za mpaka na unavunwa pande zote mbili.

Yaliyotokea Kenya yanaonyesha gharama ya kila nchi kujiamulia. Februari 2018 Kenya ilisimamisha uvunaji katika misitu ya umma kwa siku 90, kwa sababu za kweli: vyanzo vya maji vilikuwa vinakauka na usimamizi ulikuwa na uozo. Siku 90 ziligeuka miaka, hadi Rais William Ruto alipotangaza Julai 2023 kwamba miti iliyokomaa mashambani ivunwe. Kwa muda wote huo Kenya haikuacha kujenga nyumba. Mahitaji yake yalihamia kwa wakulima wake binafsi na kwa majirani, wakiwemo wapandaji wa Tanzania na Uganda ambao hakuna aliyewauliza kama wamejiandaa. Bei ilipopanda, miti michanga ndiyo iliyolipia. Silaumu kulinda misitu ya Mau wala ya Aberdare. Ninachosema ni kwamba marufuku ya nchi moja katika soko la pamoja ni uamuzi unaowahusu wote, na wafanyabiashara wa pande zote, kama wangekuwa na chombo cha kuzungumzia, wangeweza kutoa hesabu ya nani ana miti iliyokomaa na nani hana.

Hoja ya wanaopinga iliyo nzito kuliko zote ni ya upungufu. Tathmini ya taifa ya misitu ya Tanzania, NAFORMA, iliyotolewa mwaka 2015, ilikadiria kwamba nchi ina hekta milioni 48.1 za misitu na bado ina upungufu wa kuni na mbao wa meta za ujazo milioni 19.5 kwa mwaka. Utafiti wa Kenya wa mwaka 2013 ulikadiria mahitaji ya meta za ujazo milioni 41.7 dhidi ya uzalishaji wa milioni 31.4. Wote wana njaa ya miti. Kwa nini basi mmoja amuuzie mwenzake? Nimeipima hoja hii na naona inachanganya vitu viwili. Sehemu kubwa ya upungufu huo ni wa nishati, kuni na mkaa, na mkaa wa Dar es Salaam hauchomwi kwa paini ya Mufindi. Kumzuia mkulima wa Njombe kuuza mbao Nairobi hakumwongezei mama lishe wa Temeke gunia la mkaa. Kunamwondolea mkulima sababu ya kupanda tena, na hapo upungufu unazidi. Dawa ya mkaa iko kwenye gesi, umeme na misitu ya vijiji, na inastahili makala yake.

Wengine wanauliza kwa uchungu zaidi: mbona tunauza mbao na si samani? Swali ni halali, na Jumuiya yenyewe imelijibu nusu. Tangu Julai 2022 samani zinazotoka nje ya Jumuiya zimewekwa kwenye kundi la ushuru wa asilimia 35, ili mafundi wa Keko, Dar es Salaam, na wa Gikomba wapate nafasi. Ushuru huo unamkinga fundi na kabati la meli, lakini haumpi ubao mkavu ulionyooka, na kabati la mbao mbichi hupasuka milango kabla mwenye nyumba hajamaliza kulilipa. Marufuku ya kuuza magogo nje, ambayo nchi kadhaa za ukanda huu zimeitumia, inaweza kulinda msitu wa asili ikisimamiwa; kiwanda haijengi. Kinachojenga kiwanda ni mtaji na uhakika wa malighafi, na mitaji hiyo tayari inavuka mipaka bila kelele. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilichojengwa na serikali miaka ya 1980 na baadaye kubinafsishwa, kinamilikiwa na kundi la kampuni la Rai la Kenya, ambalo pia lina viwanda vya mbao Eldoret na Malawi, na ambalo lilinunua kiwanda cha karatasi cha Webuye mwaka 2016. Mtu anaweza kuogopa ukubwa wa namna hiyo, na mimi nadhani nguvu ya soko ya mnunuzi mmoja ni jambo la kutazamwa na mamlaka za ushindani. Hata hivyo wakubwa wameshaona kwamba Mufindi, Viphya ya Malawi na Eldoret ni uwanja mmoja. Wadogo ndio bado wanaambiwa wabaki kila mmoja na nchi yake.

Mahali ambapo kiwango cha pamoja kipo, biashara inajiendesha vizuri zaidi, na mfano uko barabarani: nguzo za umeme. Nguzo ya mkaratusi haiuzwi kwa kukadiria. Shirika la umeme linataka urefu kadhaa, kipenyo cha kichwani kadhaa, dawa imeingia kiasi kadhaa, na isiyotimiza inarudishwa. Kwa sababu hiyo mpandaji wa Mufindi au wa Uganda anajua leo, akiwa shambani, mti upi umefika daraja la nguzo na upi uachwe miaka miwili zaidi. Kanuni ya mnunuzi imefanya kazi ambayo semina nyingi za maofisa hazikuifanya. Uganda imeonyesha upande wa pili wa sarafu, yaani shambani. Mpango wa ruzuku ulioanza mwaka 2004 kwa fedha za Umoja wa Ulaya haukumlipa mtu kwa kupanda tu. Shamba lilikaguliwa: miche ina asili gani, nafasi kati ya miti ikoje, palizi imefanyika au magugu yameshinda, lililoanguka halikulipwa. Kutoka hapo kilikua chama cha wapandaji chenye nguvu, UTGA, ambacho wanachama wake wanajua thamani ya mbegu bora na takwimu. Tanzania ina SHIVIMITA kwa wenye viwanda na TTGAU kwa wakulima. Kenya ina chama cha watengeneza mbao. Viungo vyote vipo.

Anayedhani miti ya jirani haimhusu akumbuke pia wadudu. Vidukari vya misaipresi vilionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 vilikuwa Kenya, vikikausha ua na mashamba kwa pamoja. Nyigu wa mikaratusi alipoingia Kenya na Uganda mwaka 2002, haikuchukua muda naye akawa Tanzania. Vidukari vilipunguzwa kwa kumleta na kumsambaza mdudu adui wao kwa mpango ulioshirikisha nchi zaidi ya moja.

Inabaki shaka kwamba vyama vya wafanyabiashara vikikutana vitapanga bei na kumkandamiza mkulima. Inawezekana, na imetokea katika mazao mengine. Kinga yake ni kuwaweka wakulima wa miti ndani ya chombo hicho tangu siku ya kwanza, wakiwa na kura, na kuchapisha bei ya kila daraja Mafinga, Njombe, Kampala na Nairobi kila wiki kwa ujumbe wa simu. Giza la bei ndilo linalomlisha dalali leo. Kwa hiyo rai yangu kwa viongozi wa SHIVIMITA, TTGAU, UTGA na wenzao wa Kenya ni ndogo na inatekelezeka. Msianze na katiba wala makao makuu. Andikeni ukurasa mmoja unaosema mbili kwa nne ina unene gani ikiwa mbichi na ikiwa kavu, madaraja ni mangapi, kila daraja lina rangi gani kwenye ncha ya ubao, na nani anaitwa shehena ikikataliwa. Utieni saini Mafinga, mbele ya wapasuaji wenye dingdong, na mwisho wa kila robo mwaka pelekeni hesabu zenu TFS na kwa wenzao wa Kenya na Uganda. Msimu wa kiangazi, barabara za mashambani zinapopitika, ndio wakati wa kuujaribu.